Baba Aliyezikwa Bila Macho

Baba aliagiza kwamba akifa, macho yake wapewe wasioona. Sisi wanawe tulikubali, hospitali ikayachukua, nasi tukamleta nyumbani Garsen tumzike kando ya shamba lake la mahindi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia shangazi, dada yake mkubwa.

Kwetu Wagiriama, marehemu humwagiwa pombe ya mnazi kaburini na kuombwa awaangalie walio hai. Shangazi akashika kibuyu, akamwaga kidogo, akaanza, "Ndugu yangu, tuangalie..." Kaka yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki, akamnong'oneza. Shangazi akaganda.

"Atuangalie kwa macho gani?" akafoka. "Ng'ombe wa watu wakiingia shambani, nani atawaona?" Akafikiri, akamwaga tena. "Haya, basi tusikie."

"Hasikii huyo," mama akasema pale mkekani. "Miaka yote nikimwita aje kula, alinisikia lini?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu baba afe. Nikajifunika uso kwa aibu. Shangazi akaishika mikono yangu, akaishusha.

"Lia, mwanangu. Wewe macho bado unayo."