Wakili Aliyeuliza

Wakati ule wa korona, basi la kitongoji cha Bankstown, huku ughaibuni, lilikuwa karibu tupu, na jua la asubuhi lilielea juu ya viti. Mbele yangu alikaa mama wa Mombasa, msafishaji wa nyumba ya wazee, akitazama kaswida kwenye simu. Tangazo likaikatiza: wakili mwenye tai akauliza kwa Kiingereza, "Umeumia kazini?"

"Mama, bonyeza hapa uliruke," nikamwonyesha.

"Najua, mwanangu. Lakini tangu korona iingie, ni huyu peke yake anayeniuliza."

Wakili alilipia tangazo apate mteja wa kudai fidia. Mama akapata mtu wa kumjulia hali. Kaswida ikarudi, ikakatizwa tena. "Umeumia kazini?"

Mama akajishika kiuno.

"Mgongo, baba," akaiambia simu taratibu. "Mgongo tu."