Dema Lililosukwa Ugogo

Kwaru, kwaru, kwaru. Mpaka leo mbuzi akijisugua kwenye ukuta wa udongo mimi husimama nikasikiliza, maana hiyo ndiyo sauti ya msimu ule Mjomba Kombo alipokuja kwetu. Alikuwa akisugua kiganja cha mkono wa kulia kwenye kona ya tembe letu, pale penye changarawe, macho kayafumba kama ng'ombe anayejikuna. Akiacha kidogo, sisi tunadhani amepona. Halafu anaanza tena, kwaru, kwaru, na mama huko jikoni anaacha kusaga mpaka amalize. Kona ile ililika ikawa ya mviringo, na harufu ya udongo mkavu haikutoka mlangoni kwetu kiangazi kizima.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, mtu wa pwani, wa kijiji cha wavuvi karibu na pale mto Wami unapoingia baharini. Baba yangu ni Mgogo. Zamani alikwenda kule na msafara wa wapagazi, na bibi, mama yake, alipenda kumtania kwamba wenzake walirudi na nguo, yeye akarudi na mke anayelilia samaki. Wakati ninaousema ni wa Mjerumani. Reli ilikuwa imeshafika Dodoma, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu, na tangu gari la moshi lianze kuja mjomba alikuwa akimpelekea mama kapu la ng'onda kila kiangazi, samaki waliopasuliwa na kukaushwa juani kwa chumvi. Kapu likifunguliwa, nyumba yote inanuka mahali ambapo hatujawahi kupaona. Bibi huziba pua, anasema yeye na mlenda wake wanatosha, kisha tunamkuta nyuma ya mlango analamba vidole. Mwaka ule mjomba alikuja mwenyewe na kapu mkononi. Mama alilikumbatia kapu kwanza, ndugu yake baadaye. Ndani mlikuwa na kisu, shuka na mafungu ya kamba. Mama akaingiza mkono mpaka chini, akapapasa, akautoa.

"Samaki wako wapi, kaka?"

"Wameliwa."

"Na nani?"

"Minyoo."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, mnyoo unakaa tumboni mwa mtu. Huo wako ulipita wapi hata ukaingia kapuni?"

Basi mjomba akatueleza, mkono wake ukiwa ndani ya maji baridi. Yeye hakuwa na chombo kikubwa wala nyavu, alikuwa na mtumbwi na madema tu. Dema ni mtego uliosukwa kama kapu kubwa lenye macho, na mlango wake unakwenda ukijifinya kwa ndani, samaki akishaingia hajui tena pa kutokea. Unalitega leo penye miamba, kesho unaliopoa. Miaka yote alikuta humo tafi na changu wanarukaruka. Sasa alikuta ngozi na miba, na juu yake minyoo ya bahari, mirefu kama mkono wa mtoto, myekundu, ina manyoya meupe ubavuni, imetulia, imeshiba. Imekula chambo, na samaki waliofuata chambo imewala. "Samaki aliye ndani ya dema hana pa kukimbilia," alisema. "Anakaa tu anangoja kuliwa." Hapo nikalia, nikatolewa nje, nikaingia tena. Yale manyoya ndiyo yaliyomchoma kiganja alipoingiza mkono kutoa mabaki. Huvunjikia ndani ya ngozi, na huwezi kuyaona wala kuyang'oa, yanawaka tu. Lakini lililomuuma zaidi ni jingine. Wavuvi kwa hasira walikuwa wakiikata minyoo ile vipande kwa panga na kuitupa baharini, na kila walivyoikata ilizidi kuwa mingi. Siku moja mwenzake akaweka kipande ndani ya mtungi wa maji ya chumvi, na baada ya siku nyingi wakakiona kinaota kichwa. "Kumbe tulikuwa tunaipanda wenyewe," mjomba akasema, "kama mihogo." Hakuna aliyecheka, hata bibi. Nyumbani alikuwa ameacha mke na watoto wadogo, na madema yakimshinda hakuna kazi nyingine pale ila mashamba ya mkonge ya Mjerumani. Nilimsikia akimwambia mama kwamba kwao mtu akiingia mkonge huwa wanamsema kama mtu aliyehama.

Bibi alikitazama kile kiganja muda mrefu, akasema, "Mimi namjua huyu. Huu ni upupu, ila umeota miguu." Kwetu upupu ukikuchoma unasugulia majivu. Tena nafaka hatuitii kwenye kilindo, lile pipa letu la gome la mti, bila kuichanganya na majivu, fukusi wasiiguse. Kwa hiyo kwa bibi jambo lilikuwa limekwisha. Akachota majivu ya mgunga, akayapepeta, akampaka mjomba kiganja chote. "Nafuu, mama," mjomba akasema kwa adabu, na alipogeuka tukasikia kwaru, kwaru. Bibi akaendelea: majivu hayohayo ayamwage ndani ya madema. "Yatasombwa na maji, mama." "Basi mwaga mengi." "Bahari ni kubwa, mama." "Kubwa kama mbuga ya Bahi ikijaa maji?" Mjomba akamtazama mama, mama akatazama chini. Hakuna kati yao aliyeweza kumweleza mtu ambaye hajaiona bahari jinsi inavyokuwa, na mimi nilikuwa upande wa bibi kabisa. Niliona wazi kwamba watu wa pwani ni wabishi tu.

Mjomba naye alikuwa na shauri lake. Alitaka kusuka dema lenye macho madogo ambalo mnyoo hautapita, na alisema huku kwetu kuna fito ngumu kuliko za kwao. Akawa anakwenda porini na baba asubuhi, wanarudi na mzigo, anapasua, anasuka uani kwa mkono wa kushoto zaidi kuliko wa kulia. Mama alikaa naye akimshikia ncha, wakizungumza kwa lafudhi ya kwao, haraka haraka, na mama akacheka kicheko ambacho sikukijua. Wachungaji wakipita wanauliza, "Hilo ni tenga la kuku?" Bibi anawajibu, "La samaki. Mkimwona mmoja njiani mleteni." Nami nilikuwa nikilala mchana kando ya lile dema nikiota kwamba liko ndani ya maji, limejaa tafi wazima, na minyoo imekaa nje inanyong'onyea kwa njaa.

Lilikamilika mvua za kwanza ziliponyesha, majongoo wakatoka. Bahari hatukuwa nayo ya kulijaribia, ndipo mjomba akaniambia, "Nenda katafute jongoo mnene kuliko wote." Nilimpata chini ya kilindo, mweusi, mnene kama kidole gumba cha baba. Tukamtia ndani ya dema, tukafunga mlango, nyumba nzima ikachuchumaa kulizunguka. Jongoo akajikunja kwanza. Baba akasema, "Amekwama huyo." Mama alikuwa ameshika bega langu, vidole vyake vinaniumiza. Kisha jongoo akajikunjua taratibu, akapapasa fito moja, akapapasa ya pili, akatoa kichwa kwenye jicho la dema, na mwili wote ukafuata, miguu yake ikitembea kama upepo unaopita juu ya uwele. Akaenda zake. "Huyu mnene," mjomba akasema. "Ule wa bahari unajinyoosha ukawa kama uzi." "Basi yazibe macho yote," nikamwambia. "Nikiyaziba, mwanangu, harufu ya chambo itapita wapi? Samaki hatakuja. Mnyoo utakuja." Mvua ikaanza, na hakuna aliyesogea kuingia ndani. Tulikaa vilevile tukilitazama dema jinsi lilivyo zuri.

Aliondoka mto wetu wa Kinyasungwe ulipokuwa umejaa. Kiangazi mto huo ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha maji huja mekundu kwa kishindo. Bibi alimpa kibuyu cha majivu, akakipokea kwa mikono miwili. Dema alimwachia mama. Nilimsindikiza na baba mpaka ukingoni, na pale tulipongoja maji yapungue akaniambia kwamba maji yale, yakienda na kwenda, yanaingia Wami, na Wami unaingia baharini mbele ya nyumba yake. Nikafikiri kidogo. "Kwa hiyo majivu yanaweza kwenda yenyewe, bila wewe kuyabeba?" Mjomba akacheka, ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka tangu alipofika. "Wewe ni mjukuu wa bibi yako kweli," akasema, akavuka, kibuyu kichwani.

Baadaye mtu wa reli alileta salamu kwamba Kombo ameingia mkonge. Kisha vita vikaja, Mjerumani akaondoka, na salamu zikakoma. Sasa mimi ni mtu mzima, nimesoma kidogo kwa wamisheni, na najua rangi ya bahari kwenye ramani. Ng'onda wanauzwa Dodoma, gari linawaleta, mtu yeyote ananunua. Mama akinunua huwageuzageuza kwanza, anawapitishia kidole ubavuni kama anatafuta mahali palipoumwa, halafu anawatia kapuni. Bibi alifariki akiamini kwamba mjomba hakumwaga majivu ya kutosha. Dema liko, kuku wanaatamia ndani yake, na wageni wote hulisifu kwamba ni tenga imara.

Mwaka huu mto ulipojaa, nilikomba majivu ya mgunga jikoni, nikayapepeta, nikajaza kibuyu. Najua hayafiki hata kona ya kwanza. Nilikwenda peke yangu mpaka ukingoni, nikachuchumaa, nikayamwaga yote.