Gari ya Papa Mwisho wa Lami

Gari ya papa ilikuwa na sheria mbili: isinyeshewe, na mutu asibadilishe hata skrubu moja. Aliinunua kabla sijazaliwa, kwa mwalimu mumoja Mubeleji aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa gari ndogo ya mbio, nyekundu, milango miwili, ya chini sana, kutoka ndani yake ni kama kuinuka kwenye mukeka. Kila Jumapili ilitoka gereji, ikateremka hadi kathedrali, ikarudi, ikapanguswa. Ndiyo safari yake yote. Sisi watoto tuliipanda viatu mikononi.

Maman ni binti wa kijiji cha Nyantende, pale tu ukipita mutaa wetu wa mwisho, Panzi, si mbali. Lakini lami iliishia njiani, na kwa papa dunia nayo iliishia hapo. Wiki chache baada ya ndoa yao walikwenda kusalimia wazazi wa maman na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama mukwe mupya anavyopaswa kufanya. Papa aliacha gari mwisho wa lami, akafunga vioo, wakaendelea kwa miguu kwenye matope, yeye na suti ya ndoa, mutungi wa kasiksi kichwani. Wakwe walicheka mpaka wakakaa chini. Kaka mukubwa wa maman ndiye aliyecheka kuwapita wote. Basi papa akaahidi mbele ya watu kwamba safari ijayo gari itaingia mpaka kwenye kiwanja cha nyumba.

Safari ijayo hiyo maman aliingoja miaka zaidi ya makumi ine. "Ile barabara itaivunja chini," papa alisema kila mwaka, na kila mwaka maman alikwenda kwao kwa taksi.

Magoti yalipomuchokesha, papa alinipa ufunguo mimi, binti wake wa mwisho, kwa sababu kaka zangu wako Ulaya na hawasemi habari ya kurudi. "Ni yako," akasema. Wiki ile ile injini ikafa mbele ya soko, nikasukumwa na mamans wauza nyanya. Papa akakataa kila dawa. Alitaka kipande kile kile kilichotoka kiwandani, na kipande kile hakuna anayekitengeneza tena. Gari ikalala chini ya turubai miaka mitatu. Nilikuwa na ufunguo, gari sikuwa nayo.

Mimi hasira yangu iko karibu, nyumbani wote wanajua. Siku moja nikaifunga kamba nyuma ya taksi, ikavutwa mpaka mutaa wa Kadutu kwa fundi mumoja anayejua kazi na asiyejua kunyamaza. Akaizunguka, akacheka.

"Dada, hii gari haijakufa, imechoka kungoja tu. Tuitie motere ya taksi-busi, tuinue springi, itakupandisha mpaka utachoka wewe."

Nikamuambia afanye. Akaitia injini ya taksi-busi na sanduku lake la gia, springi ndefu, mipira ya magurudumu ya kupita matope, na honi ya taksi pia. Vyuma vya zamani nikavifunga ndani ya blanketi, nikavirudisha nyumbani. Kitu kimoja tu nilikataza kisiguswe: viti vya ngozi, vile papa alivyovipaka mafuta kila Jumapili tangu ujana wake.

Siku ya kuichukua nilipanda nayo mulima nikicheka peke yangu. Ilikoroma, iliruka mashimo, watu waliinua mikono wakidhani ni taksi. Furaha ile sikuipata hata siku ya diplome yangu. Papa alikuwa barzani. Akaitazama toka mipira hadi paa.

"Hii haiko gari yangu," akasema. "Mimi sitaingia ndani yake."

Ingefaa ninyamaze. Lakini nikamujibu: "Papa, ulikuwa na gari ao ulikuwa na picha?"

Akainuka, akaingia nyumbani. Wiki mbili nzima alinisalimia kama mutu wa posta. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na nimekosa adabu, vyote kwa mara moja.

Ndipo mualiko ukafika: mujomba wangu, yule kaka mukubwa wa maman, anatimiza miaka makumi tano ya ndoa, misa na karamu Nyantende. Maman akakunja ile karatasi.

"Nitaenda na hii gari," akasema kwa sauti ya kusikiwa mpaka barzani. "Na bwana yangu awe ndani. Nisipofika nayo mara hii, nitakufa sijafika nayo."

Papa akageuza ukurasa wa kitabu chake cha sala.

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, maman alikuwa amekaa mbele, kitambaa kichwani, mukoba juu ya magoti. Nikawasha. Barza ilikuwa tupu. Maman aliangalia mbele tu, na mimi nikasikia machozi yananikaribia. Nikakanyaga mafuta kidogo ili injini isikike ndani. Nikangoja, nikakanyaga tena. Halafu mulango wa jikoni ukafunguka, papa akatoka na suti yake na bidoni, dumu la plastiki, ya kasiksi mukononi.

"Maman, unipishe mbele," akamuambia bibi yake.

"Nyuma kuko nafasi," maman akamujibu. "Mimi nimengoja vya kutosha."

Papa akajikunja nyuma, magoti karibu na masikio, bidoni katikati ya miguu. Tukapita Panzi. Pale lami inapoisha akasema, "Simama."

Nikajua ndiyo basi. Akashuka taratibu, akaangalia matope, akaangalia mipira, akaangalia matope tena. Akaja kwenye dirisha langu.

"Toka. Aliyeahidi ni mimi, si wewe."

Nikahamia nyuma na bidoni. Papa akashika usukani, akatia gia ya kwanza pale ilipokuwa zamani. Lakini kwenye sanduku la gia la taksi, pale ni gia ya kurudi nyuma. Gari ikaruka kinyumenyume, kifuniko cha bidoni kikatoka, na nusu ya kasiksi ikamwagika juu ya nguo yangu na juu ya ile ngozi ya kiwandani. Kisha nikaona mabega ya papa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Maman akamufuata, na mimi pia, tukabaki pale mwisho wa lami tukicheka hadi muuza makaa mumoja akatuuliza kama tuko wazima.

Gari ikapanda. Ilizama, ikatoka, ikazama, ikatoka. Papa alipiga honi ya taksi kwenye kila kona, hata pasipo na mutu. Tulipoingia kwenye kiwanja, mujomba alikuwa amesimama mulangoni na fimbo yake. Akaitazama gari muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "umekawia."

"Barabara ilikuwa mbaya," papa akamujibu, na akaenda kumufungulia maman mulango. Maman alishuka polepole sana, ili wote wamuone.

Jumapili iliyofuata nikaitoa gari gereji, nikaleta ndoo, sabuni na kitambaa. Kiti cha nyuma kilikuwa na doa kubwa na harufu ya karamu. Nilisikia uchungu, maana katika gari yote hiyo ngozi ndiyo nilimubakizia. Nikalowesha kitambaa. Sauti ikatoka barzani, ile ile iliyotuvua viatu tukiwa watoto.

"Usiguse," papa akasema. "Hapo uache vile iko."