Kidonge Chini ya Ulimi

Jumatatu tulipanga foleni ya kwinini kwenye dirisha la zahanati hapa Korogwe. Amri ya Wadachi wanaotutawala ni kumeza palepale, kisha kumwonyesha mganga kinywa kitupu. Mzee mmoja wa Mkumbara akafungua kinywa, kidonge kikaonekana chini ya ulimi.

"Mzee wangu, mbona humezi?" mganga akauliza.

"Nampelekea mama watoto. Homa imemlaza, hawezi kutembea."

"Utavumilia uchungu huo mpaka Mkumbara?"

"Wiki jana nilivumilia. Akaamka, akala."

Mganga akafunga kidonge kingine kwenye jani la mgomba. "Hiki chake. Hicho meza."

Mzee akameza, akashangaa. "Kumbe kumeza ni rahisi hivi!"

Mimi, ninayekunja uso kila Jumatatu, nilimeza changu bila hata maji.