Safari ya Malagarasi Niliyoipanga Mno

Maji yakiwa mengi, barabara haipitiki. Barabara ikipitika, maji yamepungua. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza nilipoanza kupanga kumpeleka baba kwenye maporomoko ya Mto Malagarasi, na kwa mtu wa aina yangu lilitosha kunibakiza nyumbani msimu mzima.

Mimi ni mtu wa kurudia. Natengeneza kadi za harusi na mabango katika kibanda kidogo pale Mwanga, mjini kwetu, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, sijui mahali pa kuishia. Aliyesoma darasani aliwahi kuambiwa na mwalimu kwamba hapa panatosha. Mimi sijawahi kuambiwa. Mteja akishachukua kadi zake na kwenda zake, bado nitaifungua ile kazi kwenye kompyuta niangalie kama jina la bibi harusi limekaa katikati. Nikipanga jambo, hata la kupendeza, moyo unanienda mbio kana kwamba nimeshalikosea.

Baba ana presha ya macho. Imemla pembeni kwanza, kulia na kushoto, na sasa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ukisimama mbele yake anaiona pua yako. Akitaka kuuona mdomo, anainamisha kichwa kidogo. Akitaka sikio, anakigeuza. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakirudi, na matone anayotia kila siku ni ya kuchelewesha tu hicho kilichobaki. Jua likianza kushuka anaona kidogo zaidi.

Katika ujana wake alikuwa akipeleka dagaa Uvinza na kurudi na chumvi hadi Ujiji. Mara moja lori walilopanda liliharibika njiani, wakakaa kwa wenyeji kusubiri kifaa, na wenyeji hao wakampeleka kuona mto unapoangukia. Alitusimulia hadithi hiyo utoto wetu wote, pale nyumbani Bangwe, na sisi tuliokuwa na ziwa zima mbele ya mlango hatukuelewa ajabu ya maji ni nini. Alikuwa akinyoosha mkono kuelekea ziwani na kusema, haya yamelala, yale yamesimama. Aliahidi kutupeleka. Kazi, misiba, ada za shule na mambo mengine yakapita katikati, na hakutupeleka.

Mwaka huu, baada ya kumtia matone jioni moja, alibaki ameinua uso juu, macho yamefungwa, na akaniambia mimi, binti yake, kwamba anataka kwenda kuyaona tena yale maji.

"Nataka nikayahakikishe," alisema. "Macho yakifunga kabisa nitabaki na yale yaliyomo kichwani. Sitaki nibaki na uongo."

Nikasema niachie mimi. Hapo ndipo kosa lilipoanza, maana ukiniachia mimi jambo, nitalishika mpaka lishindwe kupumua.

Nilitazama ramani ya simu na picha zake za barabarani mpaka nikawa nawajua waendesha bodaboda wa Kidahwe kwa picha. Nilifuatilia hali ya hewa ya Uvinza kama mtu mwenye shamba huko. Wakulima wa Simbo walioleta mihogo sokoni niliwauliza kuhusu mvua, ingawa Simbo siko tulikokuwa tunakwenda. Nikakusanya picha za maporomoko kutoka kwa kila aliyewahi kufika, na katika hizo nikachagua jiwe. Lilikuwa jiwe pana, bapa, kando kidogo ya mkondo, ambalo mtu akikaa juu yake anayaona maji yote, kutoka ukingo hadi ukingo, bila tawi wala mtu mbele yake. Baba angekaa pale. Tungefika saa sita, jua likiwa juu, macho yake yakiwa katika ubora wake. Angepata picha moja, kamili, safi, ya kubaki nayo.

Kisha nikaanza kuahirisha. Wikiendi moja kulikuwa na mawingu. Nyingine nilisikia kwamba lori limenasa kwenye tope. Nyingine tairi moja ya gari la kaka sikuipenda. Kaka yangu ana gari dogo analobebea abiria na mizigo ya sokoni, na tairi hiyo hiyo ilikuwa ikimpeleka Kasulu na kumrudisha bila neno. Alikuwa akinisikiliza nikieleza, anatafuna mua, halafu siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ungepewa kazi ya kuumba dunia, mpaka leo tungekuwa gizani. Ungekuwa bado unachagua taa."

Nilicheka, lakini iliniuma. Sikuwa naahirisha kwa uvivu. Nilikuwa naogopa kumpeleka mara moja, ikawa vibaya, na ndiyo ikawa ya mwisho.

Kilichonitoa ni chai. Asubuhi moja baba alijimiminia chai kutoka kwenye chupa, kwa uangalifu mkubwa, pembeni ya kikombe. Chai ikatambaa mezani. Alipoisikia ikidondokea sakafuni, aliipangusa haraka kwa mkono wa kanzu yake, akatulia, akasikiliza kama mama anakuja kutoka jikoni. Hakujua kwamba mimi nimesimama mlangoni. Nilienda uani, nikamwambia kaka kwamba tunaondoka Jumamosi ijayo, mvua inyeshe isinyeshe.

Na kwa kuwa sasa siku imepangika, nikafanya jambo ambalo niliamini ni la busara kuliko yote. Nikampigia simu shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi Kazuramimba, karibu kabisa na barabara. Kwa sisi Waha, kupita mlangoni kwa dada yako bila kumsalimia ni jambo litakalozungumzwa hadi kwenye mazishi yako, kwa hiyo niliweka kumsalimia katika ratiba. Nikamwambia tutasimama dakika chache tu, tumjulie hali, tuendelee. Akaitikia vizuri, akanishukuru sana kwa kumjulisha. Nilikata simu nikijisikia mtu mzima.

Jumamosi tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Mama alituwekea chapati na chupa ya chai, akakataa kuja kwa sababu ya magoti yake. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Tulipokuwa tumeshaipita Kidahwe nikawaeleza ratiba, na nilipofika kwenye habari ya shangazi, baba aligeuka kutoka kiti cha mbele, akanitafuta usoni.

"Ulimpigia?"

Nikasema ndiyo, ili asishtukizwe.

Kaka alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Baba, tumekwisha," alisema. "Leo maporomoko tutayaona kwenye simu ya huyu."

Jambo lenyewe kila mtu wa kwetu analijua, na mimi pia nalijua, nililisahau tu kwa kujifanya mpangaji. Ukitokea kwa shangazi bila taarifa, utapewa maji ya kunywa na karanga, utamkuta na nguo ya shambani, mtacheka, mtaagana. Ukimpigia simu kwanza, umemwambia kwamba wewe ni mgeni. Na mgeni ana haki zake.

Tulikuta mikeka imetandikwa. Jogoo alikuwa ameshachinjwa na yuko kwenye sufuria ya mawese. Walikuwepo wazee wa ukoo ambao mimi siwajui, wamevaa makoti, na kila mmoja alipaswa kusalimiwa kwa zamu yake: salamu yetu ya mwakeye, kushikana mikono, kupiga makofi taratibu, kuulizana habari za nyumbani, za ziwa, za watoto, za mifugo ambayo sisi watu wa Bangwe hatuna, kisha makofi tena. Baba alizifanya salamu zote bila kuruka hata moja. Mimi nilikuwa nikitabasamu huku nikitazama kivuli cha mgomba kikifupika. Saa sita, saa yangu ya jiwe, ilinikuta nanawa mikono kwa ajili ya ugali wa muhogo.

Nikamsogelea shangazi jikoni nikamnong'oneza kwamba tunachelewa maji. Alikuwa anapakua, hakugeuka hata kunitazama.

"Maji ya Malagarasi? Si yanakwenda kwenu huko ziwani? Ukiyakosa hapa utayakuta nyumbani."

Wanawake wote waliokuwa jikoni wakacheka, na mimi nikacheka, nikiwa karibu na kulia. Nilitaka kumwambia kwamba yanayokimbia si maji. Lakini baba hakuwa amemweleza dada yake habari za macho, na haikuwa kazi yangu kueleza.

Baada ya chakula wazee walijinyoosha, na shangazi akaja kukaa na baba, mdogo wake. Walikuwa wakiongea Kiha, taratibu, mambo ya mashamba ya babu. Nikamwona baba akifanya lile jambo lake. Alimtazama shangazi paji la uso, akashuka kwenye jicho moja, akahamia la pili, akaenda shavuni, akarudi.

"Wewe," shangazi akamwambia, "mbona unanikagua kama unanunua ng'ombe?"

Baba akamweleza. Maneno machache tu. Nilidhani shangazi atalia, maana ni mtu wa machozi ya karibu. Alitazama mikono yake. Kisha akavuta kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana, akausukuma mtandio nyuma ili nywele zionekane, nyeupe tupu, na akabaki hivyo, ameinua uso, kama mtu anayenyolewa. Baba akaanza upya, kutoka juu. Alichukua muda mrefu. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye gari, na safari hii sikutazama kivuli cha mgomba.

Kwa hiyo tulifika mtoni jua limeshalala upande, baada ya barabara ya vumbi na vidimbwi na mwendo wa miguu ambao baba aliutembea ameshika bega la kaka. Tuliyasikia maji kabla ya kuyaona. Mimi nilitangulia mbio kwenda kuliandaa jiwe, na nilipotokea kwenye uwazi sikuliona. Nililitafuta kwa kulinganisha na picha kwenye simu: mti ule upo, ukingo ule upo. Ndipo nikaelewa. Picha zote nilizokusanya zilipigwa kiangazi. Jiwe langu lilikuwa chini ya maji, na mto ulikuwa ukipita juu yake kwa kelele kana kwamba haijawahi kuwepo ratiba.

Nilirudi kumwambia baba. Nilimwomba radhi kwa simu ya shangazi, kwa saa, kwa jiwe, kwa wikiendi zote nilizozipoteza. Yeye alikuwa ameshasimama pembeni ya njia, mahali pa kawaida kabisa, palipo na kichaka upande mmoja, anayatazama maji kidogo kidogo. Alianzia juu yanakovunjika, akayafuata yanaposhuka, akapotea, akarudi juu akayafuata tena sehemu nyingine. Sikujua kama amenisikia.

"Nilikuwa nimeyakuza," alisema. "Kichwani yalikuwa makubwa kuliko haya."

Nikaizima simu yenye picha.

"Na nilikuwa nimeyaosha. Miaka yote nayaona meupe. Kumbe ni mekundu, yana udongo." Alicheka kidogo, peke yake, kama mtu aliyegundua kwamba kosa lake la zamani si kubwa. "Vizuri nimekuja."

Kaka akasema tuwahi, njia ya kurudi ni ndefu na mwanga unapungua. Nikamshika baba mkono. Hakutembea. Alinigeuza kwa bega, akanielekeza nisogee mbele yake, niyape maji mgongo.

"Simama hapo."

"Nitakukinga, baba. Hutayaona."

"Nayaona pembeni ya shingo yako. Simama."

Nikasimama. Nilikuwa na vumbi la njia nzima usoni, mtandio umelowa kwa manyunyu na umehama upande mmoja. Nikauinulia mkono niuweke sawa, akaniambia niache. Mkono ukabaki hewani, kisha nikaushusha. Akaanza na paji la uso. Niliyaona macho yake yakitembea juu yangu, polepole, yakipita begani kwenda kwenye maji na kurudi, na mimi, ambaye sijawahi kuona kazi yangu ikitazamwa bila kutaka kuirekebisha, sikusogea.

Kaka akaita tena kutoka njiani kwamba giza linaingia.

"Ngoja kidogo," baba akamjibu. "Sijafika kwenye kidevu."