Mbegu za Mgongo wa Baba Élyse

Mimi mtu akiniambia "mama, hakuna shida," hapo hapo nashika mkoba wangu vizuri. Kwa hiyo yule Daktari Natanaeli wa Mbarara, aliyesema hakuna shida mara tatu kabla hata hatujakaa, sikumpenda. Na vyeti vyake ukutani vyote vilikuwa na mwandiko mmoja.

Mume wangu Herménégilde, Baba Élyse, amechunga ng'ombe wa watu Endiinzi miaka tisa. Siku moja alivuta ndama kutoka kwenye tope, mgongo ukalia, na tangu hapo hawezi kuinama kufunga viatu. Hospitali walimpiga picha wakasema pingili mbili zinasagana, ule mto laini wa katikati umelika. Tulikuwa tumesikia redioni kuna seli zinazootesha mto mpya, tukauliza. Wakasema wataalamu bado wanazijaribu, hapa hazipo, afanye mazoezi. Mazoezi! Baba Élyse alirudi kijijini kwetu Misiera akanuna wiki nzima. Halafu jirani akamtajia Natanaeli.

"Ni mbegu za mwili wako mwenyewe, mzee," Natanaeli alimwambia. "Zinatolewa kwenye mfupa wa nyonga, zinasafishwa, halafu nazipanda mgongoni. Mto unaota upya."

Baba Élyse akavua shati mbio, akalala kifudifudi. Natanaeli akatoa kabatini bomba la sindano lililokwisha kujazwa dawa nyekundu.

Mimi ni mkulima. Nikauliza, "Daktari, hizo mbegu ni zake?"

"Zake kabisa, mama."

"Mmezivuna lini? Sisi ndiyo kwanza tumeingia."

Natanaeli akacheka, akatazama mlango. "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Utaalamu gani wa kuvuna shamba ambalo hujalifikia! Baba Élyse, vaa shati."

Nilidhani atanigombeza. Alivaa, nikamfunga viatu, tukashuka ngazi pole pole. Nilitukana mpaka stendi: mwizi yule, muongo yule, angekuua bure!

"Ile dawa naijua," Baba Élyse akasema ghafla. "Ni vitamini ya ng'ombe. Nimewadunga nayo mara ngapi kule Endiinzi."

"Yezu wangu! Uliijua, na bado ukalala pale kungoja sindano?"

Hakunitazama. Alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili.

"Mama Élyse," akasema, "ng'ombe wakidungwa ile, huwa wanasimama."