Rejeta Mpya ya Machibya

Selina wa Buhongwa hakuwahi kuendesha trekta, lakini lile la mumewe, Machibya, alilijua kuliko alivyomjua mama mkwe wake. Ushirika ulipofilisika na kuuza mali zake, Machibya alilichukua likiwa limechoka hoi, rejeta ya kupozea injini inavuja kama chujio. Tangu hapo kila msimu Selina alitia humo konzi ya unga wa muhogo, ukavimba, ukaziba matundu. Ndiyo dawa waliyoitumia wakulima wote wa kule.

Mwaka ule biashara ya pamba ikawa huria, kila mnunuzi na mzani wake, na Machibya akaingiwa na tamaa ya kulima mara mbili. Akauza maksai wote, asibakize hata wawili wa kukokota plau, akaenda kwa Khalidi, fundi wa Igoma, akafungiwa rejeta mpya ya lori, pampu na feni kubwa.

"Mzee, mirija ya hii ni myembamba," Khalidi alimwonya. "Maji safi tu, basi."

Nyumbani Machibya hakuyasema hayo. Mwanamume akirudi na kitu kipya husimulia ukubwa wake, masharti huyaacha hukohuko dukani.

Asubuhi ya kuanza kulima, mumewe akinywa uji, Selina alifungua kifuniko akatia konzi yake. Akaona heri aongeze ya pili, iwe kinga. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Mchana wingu zito lilikuwa limetanda upande wa ziwa, na trekta likaanza kukohoa. Mvuke ulifuka, ukaja na harufu ya uji ulioungua. Harufu ilimfikia Selina ukingoni mwa shamba. Injini ikatoa mlio mmoja mkavu, ikanyamaza.

Kesho yake Khalidi alifungua rejeta, akachota ute mweupe kwa kidole.

"Injini imekufa, mzee. Nani ametia unga humu?"

Selina aliitazama mikono yake.

"Mimi," Machibya alisema.

Hakumtazama mkewe. Hakumtazama jioni ile, wala siku zilizofuata, mvua ikinyesha juu ya shamba lisilolimwa. Chakula alikula. Salamu aliitikia. Selina akawa anaomba kimoyomoyo amtukane, hata mbele za watu.